Viatu Mlangoni

Wasikilizaji wangu wa kijiji cha Kasokola, mmenisumbua. Tangu nirudi safari, nikipita gengeni naulizwa, nikienda mashine ya kusaga naulizwa, hata kwenye msiba juzi mtu alinivuta pembeni kuuliza: "Mwalimu, ni kweli uliingia msikiti wa Wahindi?" Nimejibu hadi sauti imekauka. Jioni hii redio wamenipa nafasi, basi nitajibu mara moja kwa wote, na atakayeniuliza kesho nitamwambia alipaswa kuwasha redio.

Kwanza, haukuwa msikiti. Neno "Wahindi", kama tunavyolitumia huku kwetu, ni gunia lililofungiwa nafaka za kila namna. Ndani yake wamo Waislamu, kama vile Ismailia, Bohora na Ithnaasheri. Wamo Singasinga wenye vilemba. Wamo Wagoa, ambao ni Wakatoliki kuliko wengi wetu. Na wamo Wahindu, wale ambao bibi zetu waliwaita Mabaniani. Nyumba ya ibada ya Wahindu ni hekalu. Wenyewe wanaita mandir.

Pili, hekalu lenyewe haliko Mpanda wala Tanzania. Liko Falme za Kiarabu, mahali panapoitwa Abu Mureikha, nje kabisa ya mji, katikati ya mchanga, kandokando ya barabara kuu ya kutoka Dubai kwenda Abu Dhabi.

Nilifikaje huko? Mtoto wa kaka yangu, mliyemfahamu akichunga mbuzi hapa Kasokola, sasa ni mlinzi wa jengo Dubai. Alidunduliza, akanikatia tiketi. Siku yake ya mapumziko akaja asubuhi na rafiki yake, Mkenya wa Mombasa mwenye gari, akasema: "Shangazi, maghorofa umeyaona, leo nakupeleka shamba." Mimi niliposikia shamba nikavaa raba na kufunga kanga, nikijua nakwenda kuona mitende.

Tulikwenda mwendo mrefu. Nje ni mchanga, vichaka vilivyokauka, nguzo za umeme, tena mchanga. Ndipo nikaona vilele, nikavihesabu, vikawa saba. Rangi yake ni ya waridi iliyofifia. Wenzangu wa Kasokola mnaochoma tofali mtanielewa nikisema ni rangi ya lile tofali la pembeni mwa tanuri, ambalo moto umelifikia nusu. Kadiri gari lilivyosogea, ukuta ule niliodhani ni laini ukaanza kujaa vitu. Tembo wakatokea. Kisha wapiga ngoma, farasi, ngamia, wanawake wanaocheza, majani yanayojisokota. Tuliposhuka nikagundua hakuna mahali pa kuweka kiganja cha mkono bila kugusa kitu kilichochongwa.

Urefu wake ni mita 33 hivi, kama mininga miwili iliyopandana. Nguzo zake ni 402. Vile vilele saba ni hesabu ya falme saba zinazounda nchi ile, heshima ya mgeni kwa mwenye nyumba. Mawe ya waridi yametoka Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India, na marumaru nyeupe ya ndani imetoka Italia. Yalichongwa India na mafundi wapatao elfu mbili, kwa patasi na nyundo, kila jiwe likapewa namba, yakapakiwa kwenye makontena, yakavushwa baharini, yakaja kupangwa jangwani namba kwa namba. Mbao zilizofungashia mawe hazikutupwa. Zimegeuzwa samani, na nasi tulizikalia tulipokwenda kunywa chai. Hilo nalitaja kwa makusudi, maana najua wapo wasikilizaji ambao bado wanakalia makreti ya soda.

Sasa hapa ndipo nilipogombana na shemeji yangu. Shemeji ni fundi mwashi, amejenga nusu ya nyumba mnazoziona njiani kuja Mpanda mjini. Nilipomweleza kuwa jengo lile la mawe halina chuma ndani yake, halina nondo hata moja, alicheka. "Mwalimu, hata choo cha shule tunaweka nondo kwenye linta. Umedanganywa."

Sikudanganywa, shemeji. Na kwa kuwa unanisikiliza, ngoja nikueleze polepole. Chuma kina adui, naye ni kutu. Chuma kikishika kutu hakibaki na unene wake, kinavimba. Kikivimba ndani ya jiwe au zege, kinalipasua kutoka ndani, kama mzizi wa mtini unavyopasua ukuta. Wewe mwenyewe umeona mihimili iliyobanduka saruji, nondo nyekundu inachungulia. Anayejenga kwa ajili ya wajukuu hilo halimsumbui. Wale walisema wanajenga kwa ajili ya miaka elfu moja. Basi wakarudi kwenye ufundi wa kale wa Kihindi: jiwe moja linachongwa ulimi, la pili linachongwa tundu, yanavaana, na uzito wa jiwe la juu unalikandamiza la chini. Kila jiwe linasukumwa mahali panapostahimili kusukumwa. Na hata kwenye zege la msingi, sehemu kubwa ya saruji waliibadilisha kwa majivu ya makaa ya mawe. Kisha wakapachika vihisio zaidi ya mia tatu, vinavyopima joto, mgandamizo na mtikisiko wa ardhi.

Shemeji alinyamaza. Baadaye akauliza, "Na fundi analipwa kwa siku au kwa jiwe?" Sikuwa na jibu. Lakini swali lile nimelipenda kuliko yote niliyoulizwa, kwa sababu lina mkono wa mtu ndani yake. Mtoto wa kaka yangu aliniambia kule serikali inakataza kazi za juani mchana, kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, kati ya saa sita na nusu na saa tisa. Nikatazama vilele vile, nikawawaza waliokuwa juu ya jukwaa saa sita kasorobo.

Turudi mlangoni. Mlangoni kuna masharti: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Kanga yangu ikanisaidia, nayo, ukisoma pindo lake, imechapwa huko huko India. Kisha mnavua viatu. Kuna mahali pa viatu, rafu kwa rafu. Raba, ndala, viatu vya ngozi vya matajiri, kandambili za vibarua, vya watoto vyenye taa kwenye kisigino. Nikaweka raba zangu zenye vumbi la Kasokola pembeni mwa kiatu cha kike kilichong'aa kama kioo. Yule Mkenya wa Mombasa akanikonyeza: "Mwalimu, Baniani mbaya..." Nikamalizia: "...kiatu chake dawa." Tukacheka kwa sauti ya chini, halafu nikaona aibu, kwa sababu msichana wa Kihindi aliyekuwa akipokea wageni alikuwa anatutazama kwa tabasamu la ukarimu kabisa, bila kujua tunacheka nini.

Methali ile tumeirithi; wachache tunajiuliza ilitoka wapi hasira iliyomo. Mimi nina dhana yangu, nayo inapita kwenye daftari la madeni. Katika karne ya 19, Sultani Seyyid Said wa Unguja alikodisha forodha yake kwa Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch. Ushuru wa bandari ulipita mikononi mwake, na mkopo wa Sultani mwenyewe ulitoka kwake. Misafara iliyokuja bara kutafuta pembe za ndovu na, tuseme wazi, kununua watu, ilipewa bidhaa kwa mkopo na wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani. Misafara hiyo ilipita Tabora, ikakatiza Ukonongo huku kwetu, ikateremka ziwani. Shanga na nguo vilivyofika huku vilikuwa tayari vimeandikwa kwenye daftari la mtu aliyekaa Unguja. Mdai hapendwi. Lakini bidhaa zake zinahitajika. Weka hayo mawili pamoja, methali unayo.

Nami nilimjua mmoja. Nilipokuwa mtoto, mama akinituma Mpanda mjini kununua chumvi na mafuta ya taa, nilikwenda duka la mzee mmoja tuliyemwita Baniani, kana kwamba hakuwa na jina. Reli ilikuwa imefika Mpanda mwaka 1950 kufuata mgodi wa risasi, na ilikofika reli duka la Mhindi halikuchelewa. Nyuma ya kaunta yake, juu ya debe la mafuta, palikuwa na picha ya kijana wa rangi ya buluu anayepiga filimbi. Pembeni yake kijiti cha udi kinafuka. Nilikuwa naikodolea macho picha ile kila nikienda. Kijana wa buluu! Mzee alikuwa akinipimia chumvi, ananiongezea kidogo juu, ananiambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Toto, sema mama salamu." Sikumuuliza yule kijana ni nani. Naye hakunieleza. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, Wahindi wengi nchini walifunga maduka wakaondoka. Siku moja nilikwenda nikakuta mlango una kufuli, na picha ile bila shaka ilikwenda naye.

Sasa sikilizeni. Ndani ya hekalu, marumaru nyeupe tupu, dari imechongwa kama ua lililogeuzwa juu chini, na miungu yao wamewekwa kwenye vyumba saba, kila kimoja na madhabahu yake. Nilikuwa napita kimoja kimoja, miguu peku juu ya marumaru ya baridi. Nikafika kimoja nikasimama. Kijana anayepiga filimbi. Hakuwa wa buluu hapa, lakini filimbi ilikuwa ile ile, mguu umepishana na mguu vile vile, na pembeni yake mwanamke. Nikamuuliza yule msichana wa mapokezi, maana alikuwa ametufuata. Akasema: Krishna, na huyu ni Radha. Jina moja tu, fupi, rahisi, limenichukua zaidi ya miaka hamsini na safari ya ndege kulisikia. Ningeweza kulipata kwenye duka la Mpanda, kwa bei ya swali.

Nilikaa chini palepale, kando ya nguzo, mtoto wa kaka yangu akadhani nimeugua.

Baadaye ikafika saa ya ibada yao ya taa, wanaiita aarti. Taa zenye tambi zilizolowekwa samli zinazungushwa mbele ya madhabahu, wanaimba, kengele zinalia. Mimi ni Mkristo, nilikaa nyuma nikafunga mikono, sikuimba. Hakuna aliyenishurutisha wala kunishangaa. Harufu ya samli na udi ilipokuja nikamkumbuka tena mzee wa chumvi.

Watu hunitazama kwa mashaka nikiwaambia kuwa nchi ya Waarabu Waislamu imetoa ardhi ya kujengea hekalu la Wahindu. Lakini ndivyo ilivyo. Ahadi ya ardhi ilitolewa mwaka 2015 na Sheikh Mohamed bin Zayed, wakati huo akiwa mrithi wa utawala wa Abu Dhabi. Baadaye ikaongezwa hadi kufika ekari 27. Inasimuliwa kuwa waliompelekea michoro walimpa uchaguzi, jengo la kawaida lisilovuta macho au hekalu la jadi la mawe, naye akasema kama ni hekalu basi lionekane ni hekalu. Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2019, na tarehe 14 Februari 2024 likazinduliwa, Waziri Mkuu wa India Narendra Modi akiwepo. Wenyewe wanapenda kuhesabia kwa vidole: mtoa ardhi Mwislamu, msanifu mkuu Mkatoliki, msimamizi wa mradi Singasinga, mbunifu wa msingi Mbuddha, kampuni ya ujenzi ya Waparsi, mkurugenzi Mjaini. Hesabu nzuri, ingawa mimi huwa naogopa kidogo hesabu inayokaa sawa hivyo. Kuna siasa za mataifa mawili ndani yake pia, na Wahindi waliopo nchi ile ni mamilioni, kazi za nchi zimewakalia mabegani. Hata hivyo ardhi imetolewa na jengo limesimama. Wangapi kati yetu wametoa hata pembe ya shamba kwa ajili ya dini isiyo yao?

Jambo lililonishangaza zaidi nilielezwa tukinywa chai, na mzee mmoja wa Kigujarati aliyenisikia nikiongea na vijana wangu. Aligeuka akasema, "Mama, mnatoka wapi?" Kiswahili safi, cha pwani! Amezaliwa Mombasa. Akaniuliza kama najua kuwa jumuiya iliyojenga hekalu hili, inayojulikana kwa kifupi BAPS, ilijenga hekalu lake la kwanza nje ya India Mombasa, mwaka 1955, akaja kiongozi wao Yogiji Maharaj mwenyewe kulizindua. Kabla ya London, kabla ya Marekani, kabla ya jangwa hili, kwetu. Nairobi wakajenga la mawe na mbao za kuchongwa mwaka 1999. Na lile kubwa la Neasden, London, lililofunguliwa mwaka 1995, waumini wake wengi ni watu waliotoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, walipopewa siku tisini kuondoka. Walifika Uingereza na masanduku. Miaka ishirini na tatu baadaye wakasimamisha hekalu la mawe na marumaru.

Yule mzee alinichorea ramani kwa kidole juu ya meza ile ya mbao zilizofungashia mawe: Gujarat, Mombasa, London, hapa. Nikaona mstari wake unapita kwetu katikati, na sisi tuliosimama kwenye mstari wenyewe hatukuona kitu kikipita. Tuliona duka.

Nje, pande mbili za hekalu, yanapita maji kwenye mifereji, mmoja umepewa jina la Ganga, mwingine Yamuna, mito yao mitakatifu. Upo pia mto wa tatu, Saraswati, ambao hauonekani kwa macho, unaoneshwa kwa mwanga. Mkenya wetu alipenda huo wa tatu. Akasema hata Mto Athi wakati wa kiangazi ni hivyo hivyo. Ngazi zinashuka majini kama za mji wa Varanasi. Watoto walikuwa wanakimbia juu yake, Wahindi, Wafilipino, Waarabu, na mama mmoja wa Kihabeshi ameketi anafunua mkate. Jua lilikuwa linazama, na mawe yakaiva, yakawa mekundu kama tofali la katikati ya tanuri.

Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa na siku moja kabla ya kuanza safari ya kuja Mpanda. Nikaenda Mtaa wa Kisutu. Nimepita mtaa ule tangu nikiwa chuo cha ualimu, mara nisizoweza kuzihesabu, nikikimbilia basi. Mahekalu yapo pale, zaidi ya moja, yamebanana na maduka ya sambusa na pipi za Kihindi. Sikuwa nimeyatazama. Safari hii nikasimama kwenye lango la mojawapo. Mlinzi, kijana wa Kitanzania, akaniuliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu, naweza kuingia kuona? Akaniangalia kidogo, akaingia ndani kuuliza, akarudi. "Karibu, mama. Vua viatu tu."

Basi. Hivyo tu.

Nimefika Kasokola, wa kwanza kumsimulia ni mama yangu mkubwa. Mnamfahamu, amepita miaka tisini, masikio yake mazima, magoti ndiyo yamemgomea. Nikamweleza mawe, vilele, ngamia waliochongwa. Nikamweleza kijana wa filimbi. Alisikiliza kimya, anapepeta mchele wake wa Mwamkulu, hadi nilipofika kwenye zile rafu za mlangoni. Ungo ukasimama.

"Viatu vyote hivyo vya Mabaniani vilikuwa hapo, na mwenyewe hayupo?"

"Vyote, mama."

"Nawe ukaviacha." Akautingisha ungo tena. "Mwanangu umesoma bure. Hata kimoja tu hukunichukulia, na goti hili linavyoniuma?"